Ploti ya Ng'ambo na Mshahara wa Mwalimu

Kumezuka mtindo miongoni mwa walimu na watumishi wengine wenye mapato ya wastani katika maeneo ya Kitale na Bungoma, nao ni mtindo wa kutafuta ardhi na nyumba nje ya nchi. Mazungumzo ya chumba cha walimu, ambayo zamani hayakupita ploti za Kiminini, Kimilili au Webuye, siku hizi huvuka mpaka na kufika Mbale, Tororo na Kapchorwa. Na wenye ndoto ndefu zaidi hufika hata Dubai. Mtu husikia kwamba ng'ambo ya mto Lwakhakha ekari nzima huuzwa kwa bei ambayo huku kwetu haipati hata uwanja wa kujengea nyumba, naye hulala akihesabu. Siku ya pili huwa yumo ofisini mwa chama cha akiba na mikopo akijaza fomu.

Simcheki mtu huyo, maana sababu zake zina mashiko. Mashamba ya Trans Nzoia yamegawanywa na kugawanywa tena hata mwana wa mkulima hurithi kipande ambacho babake angekiita bustani. Bungoma hali ni hiyo hiyo. Isitoshe, Uganda si ugenini kwa watu wa mlima Elgon. Kibukusu na Kimasaaba ni lugha zilizo karibu mno hivi kwamba mtu wa Sirisia akivuka daraja la Lwakhakha hahitaji mkalimani. Na Wasabaot wa upande huu ni ndugu wa Wasebei wa upande ule. Mtu hujiambia kwamba ananunua kwa wajomba. Ni nani amwogopaye mjomba?

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nina sababu ya kuukumbuka usemi huo.

Alinijia mwalimu mmoja anayefundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kaunti ya Bungoma, ambaye niliwahi kumfundisha chuoni. Alikuja na bahasha ya kaki, uso umemkunjuka kwa furaha. Januari mwaka 2025 alikuwa amekopa shilingi 600,000 akanunua ekari tatu ng'ambo ya mpaka. Haja yake kwangu ilikuwa ndogo: alitaka nimsaidie kuifasiri hati ya mauziano kwa Kiswahili, ili mamake mzazi, asiyejua Kiingereza, asomewe na kufurahi pamoja naye.

Tukaketi kusoma. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba muuzaji ameuza na mnunuzi amenunua. Ukurasa wa pili ulieleza mipaka ya shamba, mti kwa mti. Katika ukurasa wa tatu, kwa maneno machache, ilielezwa kwamba kilichouzwa ni muda uliosalia wa ukodi wa miaka 49 uliotolewa mwaka 1981. Nikamwomba ahesabu. Ukodi huo unakwisha mwaka 2030. Mkopo wake ni wa miezi 48, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya deni linalosalia. Yaani anakatwa takriban shilingi 15,800 kila mwezi hadi mwisho wa mwaka 2028, na kufikia hapo atakuwa amelipa shilingi 758,000 hivi. Basi atamaliza kulipa deni la shamba, na baada ya miaka miwili shamba lenyewe litakuwa limefika ukomo wa muda wake.

Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mimi nimenunua nini hasa?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Nalo, kabla ya kuwa swali la fedha au la sheria, ni swali la lugha. Kitenzi kununua kina ahadi ndani yake. Mtu akinunua jembe, jembe ni lake hadi livunjike. Anaposikia kwamba amenunua shamba, hudhani mambo ni yale yale. Lakini yako maneno mengine mawili ambayo mwalimu wa Kiswahili huyafundisha katika somo la mnyambuliko: kukodi na kukodisha. Anayekodi hupewa kitu akitumie kwa muda. Anayekodisha ndiye mwenye kitu. Silabi moja tu inamtenga mwenye mali na mpangaji. Katika hati nyingi za ng'ambo anayeitwa mnunuzi ni mkodi, tena mkodi wa muda ambao mwingine ameshautumia kwa sehemu kubwa. Kwa Kibukusu kununua ni khukula, na wanafunzi wangu wa kabila nyingine hucheka wakilisikia neno hilo kwa masikio ya Kiswahili. Katika mauziano ya namna hii, kukula na kula hukaribiana kuliko inavyofaa.

Sasa tuitazame sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 237, inasema kwamba ardhi ya nchi ile ni ya raia wa Uganda. Asiye raia anaruhusiwa kukodi tu, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 imeweka kikomo cha miaka 99. Kuna jambo jingine ambalo madalali hawalitaji. Raia wa Uganda aliyepewa ukodi katika ardhi iliyokuwa ya umma anaweza kuomba ugeuzwe uwe milki ya kudumu. Mkenya hawezi. Kwa hiyo yule muuzaji, kabla ya kuuza, alikuwa na shamba ambalo angeweza kulifanya la ukoo wake daima dumu. Mara lilipoingia mikononi mwa mwalimu wetu, shamba lile lile, lenye mipaka ile ile na miti ile ile, likawa kitu cha miaka mitano. Aliyeuza aliuza kikubwa, na aliyenunua alipata kidogo.

Wapo watakaosema, "Lakini sisi si Jumuiya ya Afrika Mashariki?" Naam, sisi ni Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa sahihi Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai mosi 2010. Inazungumzia uhuru wa bidhaa, wa wafanyakazi, wa huduma na wa mitaji. Ilipofika kwenye ardhi, kifungu cha 15 kilisema waziwazi kwamba jambo hilo litaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Tanzania nayo, kwa Sheria yake ya Ardhi ya mwaka 1999, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Viongozi wetu wanapohutubu kuhusu udugu usio na mipaka, yafaa mwananchi akumbuke kwamba udugu huo haujaingia katika daftari la ardhi.

Wala tusiilaumu Uganda. Katiba yetu wenyewe ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inampa mgeni ukodi usiozidi miaka 99, na ukodi wowote wa mgeni uliokuwa mrefu zaidi ulipunguzwa ukawa wa miaka hiyo. Tangu mwaka 1967 bodi zetu za udhibiti wa ardhi zimetakiwa kukataa uuzaji wa ardhi ya kilimo kwa asiye raia, isipokuwa kwa idhini maalumu ya Rais. Nasi watu wa Trans Nzoia tunajua ni kwa nini. Kwa Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1915 serikali ya kikoloni iliruhusu wageni kupewa mashamba kwa miaka 999. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikawaleta askari wake wastaafu na kuwagawia mashamba, na mengi yalikuwa katika wilaya yetu. Uhuru ulipofika, Wakenya walikopeshwa fedha ili wainunue ardhi ambayo babu zao walilisha mifugo humo bila kumlipa mtu. Mkitale anayeona uchungu kuambiwa na jirani kwamba ardhi si ya mgeni na asimame mbele ya lango la shamba lolote kuu la wilaya hii, akumbuke nani alilifungua kwanza.

Penye sheria hapakosi hila. Madalali wa mpakani wamebuni njia ya mkato: andikisha shamba kwa jina la binamu aliye raia wa kule. Mnunuzi hutoa fedha, binamu hutoa jina, na mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji, yule anayejulikana kote Uganda kama LC1, hupiga muhuri. Kila mtu huondoka ameridhika. Lakini muhuri wa mwenyekiti huthibitisha kwamba watu walikutana na kukubaliana mbele yake. Hauwezi kumpa mgeni haki ambayo katiba imemnyima. Siku binamu atakapofariki, wanawe watalikuta jina la baba yao katika karatasi, nao hawatakuwa wezi wakilidai shamba la baba. Hapo mnunuzi atakwenda mahakamani kueleza kwamba alificha umiliki wake ili aikwepe sheria. Sijui ni hakimu gani atakayemsikiliza kwa huruma. La kusikitisha zaidi ni kwamba atakuwa amepoteza shamba na binamu kwa pamoja.

Kuna istilahi nyingine inayotutia usingizi, nayo ni mali isiyohamishika. Tunaitumia kana kwamba ni dua. Kweli shamba halibebwi mgongoni, lakini vitu vyote vinavyolizunguka huhama. Mpaka huhama: hadi mwaka 1902 Kitale na Bungoma zilikuwa ndani ya himaya ya Uganda, kisha Waingereza wakausogeza mstari, na mkulima akaamka katika nchi nyingine bila kuhama kibanda chake. Sheria huhama: mwaka 1975 Idi Amin alitangaza kwa amri moja kwamba ardhi yote ya Uganda ni ya umma, na wenye milki za kudumu wakageuzwa wakodi hadi katiba ya 1995 ilipoitengua hali hiyo. Watu nao huhamishwa: mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, na Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke, wakaacha maduka, viwanda na majumba. Wengi waliobahatika kurudishiwa mali zao walingoja hadi miaka ya 1990.

Msomaji asidhani hayo ni ya kale tu. Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri. Madereva wa malori ya mizigo walipita. Mwenye shamba ng'ambo hakupita kwenda kupalilia wala kuvuna. Na huko kwenye miteremko ya Elgon hata udongo wenyewe haukai. Machi 2010 mlima uliporomoka huko Nametsi wilayani Bududa, ukafukia nyumba na watu. Na Novemba 2024 maafa kama hayo yakaifika wilaya ya Bulambuli. Bei ya chini ya shamba la mteremkoni huenda ina maana ambayo mwenyeji anaijua na mgeni hajaambiwa.

Niliwataja wale wa Dubai. Hao hukutanishwa na wauzaji katika kumbi za hoteli, wakaonyeshwa picha za maghorofa yanayometameta, na kuelezwa kwamba wataweza kulipa kidogo kidogo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2002 Dubai imewaruhusu wageni kumiliki nyumba katika sehemu maalumu, na kwa hilo inaizidi Uganda. Lakini yeyote aliyenunua huko kabla ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 aliona bei zikishuka kwa takriban nusu, na baadhi ya majengo yakisimama bila kukamilika. Isitoshe, dirhamu imefungwa kwenye dola, na mwalimu hulipwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 dola moja ilikuwa karibu shilingi 100. Januari 2024 ilipita 160, kabla ya kushuka hadi karibu 130 mwaka huo huo. Aliyejifunga kulipa dola 500 kila mwezi alianza na shilingi 50,000 akajikuta anadaiwa 80,000, hali mshahara wake haukutikisika. Tajiri hustahimili dhoruba kama hiyo kwa kungoja. Mwenye mapato ya wastani hana akiba ya kumwezesha kungoja, na akishindwa kulipa njiani huenda akapoteza hata alichokwisha kulipa.

Hapa ndipo ninapotaka walimu wanisikilize kwa makini zaidi. Fedha zinazovuka mpaka aghalabu si za anayevuka nazo. Ni akiba ya wanachama wenzake. Kila mkopo wa chama una wadhamini, na wadhamini hao ni walimu wa chumba kile kile, waliotia sahihi kwa sababu walikunywa chai pamoja. Shamba likipotea, deni halipotei. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yazidi theluthi mbili za mshahara. Kwa aliyekwisha kufika ukingoni hapo, jambo dogo tu kama karo ya mtoto humwangusha, na akianguka, chama huwageukia wadhamini. Mwalimu aliyenijia na bahasha ya kaki ana wadhamini wanne. Mmoja wao amebakiza miaka miwili kustaafu. Nilipomuuliza kama amewaambia yaliyo katika ukurasa wa tatu, aliinamisha kichwa.

Je, nasema mtu asinunue kabisa kitu ng'ambo? Sisemi hivyo. Mtu anaweza kukodi shamba Uganda kwa uwazi na akafaidika nalo, mradi ajue kwamba anakodi. Na akodi kwa jina lake mwenyewe, na aulize kwanza miaka mingapi imesalia, ndipo aulize bei. Ukodi wa miaka mitano au zaidi unaochukuliwa na mgeni sharti uandikishwe rasmi. Asiyeuandikisha amenunua maneno. Na afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda huko Mbale, akiwa na wakili wa Uganda ambaye amemtafuta mwenyewe, asiletewe na dalali. Na ahakikishe kwamba mke au mume wa muuzaji ameridhia, maana sheria ya kule inalinda ardhi inayoilisha familia. Zaidi ya yote, atumie fedha ambazo akizikosa hakuna mwenzake atakayekatwa mshahara. Asiyeweza kutimiza hayo, wahenga walimwambia zamani: usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisi wa taaluma ya lugha nasi tuna deni letu. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi katika katiba ya Kenya. Katika katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ni lugha rasmi ya pili. Ndiyo lugha inayotumika sokoni Malaba, Suam na Lwakhakha wakati wa kupatana bei. Lakini mapatano yakiisha, karatasi huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho muuzaji hakijui na mnunuzi hukiogopa kukiuliza. Mwalimu wangu ana shahada, tena alifaulu vizuri. Alikisoma Kiingereza hicho akakiruka, kwa sababu alidhani ukurasa wa kwanza umekwisha kusema yote. Je, mkulima asiyesoma atafanyaje? Nazitaka kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, pamoja na wilaya jirani za Uganda, zikubaliane juu ya hati moja ya mfano kwa Kiswahili sanifu, itakayotaja mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa: HUKU NI KUKODI, na mwisho wake ni mwaka fulani. Kazi hiyo haihitaji mabilioni. Inahitaji mwanasheria mmoja, mwanaisimu mmoja na meza.

Kwa walimu wa Kiswahili nina ombi dogo zaidi. Tunawafundisha vijana insha, barua rasmi na kumbukumbu za mikutano. Tuwape pia hati ya mauziano waisome darasani, mstari kwa mstari, na tuwaulize: nani anauza, anauza nini, hadi lini? Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lisilosomwa halina tofauti na daftari lisilokuwepo.

Siku ile hatukuifasiri hati. Mwalimu aliirudisha ndani ya bahasha akaniuliza atamwambia nini mamake. Nikamshauri aanze na wadhamini.